Shangazi, Leo Usiseme Kitu

Walimu walisema ni uvivu.

Neno hilo nalijua tangu darasa la pili. Kulikuwa na msichana wa dawati la nyuma, haongei, hachezi, anatazama ukuta kama anasubiri ufunguke. Wakampigisha magoti kwenye kokoto kila asubuhi mpaka akaacha kuja. Aliyempigisha magoti alistaafu kwa sherehe, akapewa jokofu. Sijasahau. Lilikuwa jeupe, lina milango miwili.

Kwa hiyo karani wa shule alipopiga simu dukani kwetu kusema binti wa kaka yangu anaitwa kwenye kikao, nilishika meza ya pasi kwa mikono miwili. Binti alikuwa hajakanyaga shule tangu katikati ya muhula uliopita. Sasa makamu wa mkuu wa shule alitaka aje, aeleze kwa mdomo wake mwenyewe kwa nini haonekani. Asipoeleza, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, na yeye atarudia darasa mwakani pamoja na watoto aliowaacha nyuma.

"Kwa mdomo wake," nikamwambia kaka. "Mdomo upi? Huo ambao hata chai inaupita kwa shida?"

"Wewe usianze," kaka akasema.

"Sijaanza. Wameanza wao."

Kaka yangu ni dobi, na mkewe, yaani wifi yangu, ndiye anayepokea nguo mbele. Mimi nakaa chumba cha nyuma na pasi. Binti yao tulimwita Redio tangu akiwa na miaka minne, kwa sababu alikuwa akitoka nje dakika kumi anarudi na habari za mtaa mzima: nani kanunua kitanda, nani kakosana na nani, mbwa wa nani kazaa. Mwaka huu alipotimiza kumi na sita akaanza kunyamaza kidogo kidogo. Kwanza aliacha habari za mtaa, halafu za shule, halafu akaacha kabisa. Akawa analala mchana, anaamka amechoka, chakula anakisukuma, nywele hazijui kitana. Ukimuuliza una nini anasema, "Sina kitu, shangazi," na kweli ukimtazama unaona ndivyo anavyohisi, kwamba hana kitu hata kimoja ndani yake.

Daktari wa kliniki ndiye aliyesema ni sonona. Ugonjwa, akasema, kama magonjwa mengine, na unatibika. Kaka akauliza foleni ya mshauri ikoje. Foleni ya mshauri ilikuwa inafika mwakani. Hapo nilisema maneno ambayo wifi aliniomba nisiyarudie mbele ya watu, kwa maana jengo jipya la wakubwa wa manispaa lile kule lina vigae mpaka chooni, na mshauri wa vijana wa mji mzima ni mmoja. Lakini mshauri huyo mmoja, Mungu ampe afya, alikuwa na akili. Alichukua vijana sita kwa mpigo, akawa anawafundisha kwa simu kila Jumatano alasiri, kila mtoto kwao, yeye kwenye skrini.

Nyumbani kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, pembeni mwa dirisha la chumba cha pasi. Basi Redio akawa anasomea hapo, amekaa juu ya furushi la mashuka, visikizi masikioni.

"Anauliza kama niko peke yangu," akaniambia siku ya kwanza.

"Mwambie upo na shangazi."

"Hairuhusiwi mtu kusikiliza wenzangu."

"Mwambie shangazi yupo na pasi, hasikii kitu."

Walikubaliana hivyo: visikizi visitoke, kamera isinitazame, na yale ya wenzake yabaki ya wenzake. Hata majina hawakutajiana. Kwa hiyo mimi nilisikia nusu moja tu ya mafunzo yote, nusu ya Redio, na kwa wiki za mwanzo nusu hiyo ilikuwa fupi kama risiti.

"Mbili," anasema. Kimya. "Hapana, mbili." Kimya kirefu. "Kuoga." Kimya. "Sawa. Kuoga na kubadilisha shuka."

Jioni nikamuuliza hizo mbili ni nini.

"Mbili juu ya kumi. Ndivyo ninavyojisikia. Unapima, unafanya kitu kidogo, unapima tena."

"Na kama hutaki kufanya?"

"Ndiyo somo lenyewe, shangazi. Anasema hamu haiji kwanza. Tunakaa tukisubiri hamu ije tufanye, kumbe tukifanya ndiyo inakuja. Wakati mwingine. Kidogo."

"Na ulipooga?"

Akafikiri. "Tatu kasoro."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nikajizuia, nikaongeza maji kwenye pasi.

Tatizo lilikuwa baba yake. Kaka yangu ni mtu mzuri lakini ni dobi mpaka kwenye mifupa. Kwenye kazi yetu, nguo haiingii majini bila kikaratasi. Unapokea shati, unalibana kikaratasi kwa pini: la nani, doa liko wapi, maji ya moto au baridi, pasi kali au ndogo. Kaka aliposikia kwamba mtoto anatakiwa kufanya vitu vidogo vidogo, akakesha kwenye wazo hilo. Asubuhi Redio akakuta kikaratasi kimebanwa kwenye mto: AMKA KABLA YA SAA MBILI. Kwenye taulo: OGA, MAJI YA VUGUVUGU. Kwenye viatu: TEMBEA MPAKA KONA, RUDI. Na kwenye koti lake, kwa mwandiko wa mkono uliotulia kabisa: CHEKA. PASI YA WASTANI.

Redio akaja mbele na koti mkononi. "Baba, hii 'cheka, pasi ya wastani' maana yake nini?"

"Maana yake usijichoshe," kaka akasema, bila kutabasamu hata kidogo.

Na mtoto akacheka. Jamani, alicheka. Kilikuwa kicheko cha puani tu, cha kushtukiza, lakini wifi aliangusha boksi zima la vibanio na hakuna aliyeinama kuviokota.

Hapo ndipo tulipokosea. Kaka alidhani amegundua dawa. Siku iliyofuata vikaratasi vilikuwa kila mahali, kwenye kikombe, kwenye mswaki, kwenye mlango wa choo, na mimi nikiri nilimsaidia kukata karatasi. Mtoto akipita kidogo tu, baba yake anauliza kutoka kwenye mabeseni, "Ngapi juu ya kumi?" Mama yake anauliza kutoka mbele, "Ngapi sasa?" Mteja mmoja, fundi viatu wa jirani, alisikia hayo mara tatu akadhani tunapiga mnada.

Siku ya nne Redio alitoka chumbani amejibana vikaratasi vyote mwilini, mabegani, mgongoni, kwenye nywele, akapanda juu ya meza ya kupokelea nguo, akalala chali.

"Nipokeeni," akasema akitazama dari. "Mimi ndiyo mzigo wa leo. Doa liko mwili mzima. Nikamueni."

Tulisimama kama watoto waliokamatwa na sukari mdomoni. Sauti yake haikuwa ya mzaha. Wifi alikwenda akaanza kufungua pini moja moja, taratibu, na alipofika ya mwisho alikuwa analia, na mumewe ameangalia viatu vyake. Redio akarudi kitandani. Hakutoka siku hiyo wala iliyofuata. Nilipompelekea uji alisema kutoka chini ya blanketi, "Mwambie baba ni sifuri, asihangaike kuuliza."

Jumatano nilidhani hatakuja kwenye dirisha. Alikuja, na blanketi lake. Kwa nusu yangu ya mazungumzo nilisikia hivi: "Wameniwekea vikaratasi." Kimya. "Vingi." Kimya. "Ndiyo, kama shati." Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikazima pasi. Alikuwa anacheka. Alichomoa kisikizi kimoja akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Shangazi, kuna mmoja wetu hawashi kamera vizuri, tunaona goti lake tu. Tunamwita Goti. Ameuliza kama naruhusiwa kukaushwa juani au ni kivulini tu."

"Hilo goti halina adabu."

"Halina kabisa," akasema, na macho yake yalikuwa na mwanga ambao sikuwa nimeuona miezi mingi.

Baada ya somo alimwita baba yake. Alikuwa amefundishwa kitu kipya, namna ya kuomba: useme kilichotokea, useme kinavyokufanya ujisikie, useme unachotaka, halafu unyamaze. Kile cha mwisho ndicho kigumu, aliniambia baadaye. Kunyamaza bila kujieleza tena na tena na kuomba samahani.

"Baba, uliniwekea vikaratasi," akasema. "Nilijiona kama kitu kilichoharibika ambacho mnakitengeneza. Nataka nichague mwenyewe cha kufanya. Na msiniulize namba."

Akanyamaza. Mimi nilikuwa na la kusema, ninalo siku zote, lakini wifi alinikanyaga mguu.

"Sawa," kaka akasema mwishoni. "Na nikitaka kujua unaendeleaje?"

"Uliza, 'Habari za mtaa?' Kama nazo nitakupa. Kama sina, basi sina."

Alichochagua mwenyewe kilikuwa kuanika. Asubuhi anatoka uani na beseni, anaanika mashuka ya nyumba ya wageni, shuka baada ya shuka, anarudi. Kuna siku alianika mawili akaacha beseni palepale. Kuna siku alimaliza yote akaanika na vitambaa vya meza. Hakuna aliyemsifu kupita kiasi na hakuna aliyemlaumu, na hilo lilituchosha zaidi kuliko kazi yenyewe.

Kikao kikawa kinakaribia. Karani alipiga tena kutukumbusha, kwa ile sauti ya watu wanaokukumbusha jambo ambalo hujalala kwa sababu yake. Redio akaanza kurudi nyuma. Alisema atakapofungua mdomo mbele ya walimu hakitatoka kitu. Alisema watu wote wamemchoka, kila akisema neno mtu anachoka.

"Ushahidi uko wapi?" nikamuuliza.

Akanigeukia. "Umesikia wapi hiyo?"

"Nimesikia kwako. Wewe unaisema kila Jumatano. Halafu mimi hiyo nimewauliza watu wa manispaa miaka ishirini."

"Sisi hatuwaulizi manispaa, shangazi. Tunaliuliza wazo. Linakuja wazo, linajifanya ni kweli, wewe unaliambia, leta ushahidi." Akapangusa pua. "Na kama ushahidi haupo wa huku wala wa huku, unafanya jaribio."

Jaribio alilipanga na mshauri. Wazo lilikuwa: nikiongea, watu watanichoka. Kazi ilikuwa: akae mbele badala ya mama yake saa moja, amuulize kila mteja swali moja lisilohusu nguo, aone kitakachotokea. Alitabiri kwamba watamjibu kwa mkato na kuondoka.

Mimi na wifi tulijibanza nyuma ya pazia tukichungulia. Wa kwanza alikuwa mama mwenye mapazia; Redio akamuuliza amepitia njia gani na kama lami mpya imekauka. Mama akasema haijakauka, tena imemharibia kiatu, akaondoka akitabasamu. Wa pili alikuwa kijana mwenye suti ya kuazima. Akamuuliza suti ni ya nini. Ilikuwa ya usaili wa kazi, na kijana akamwomba amsikilize akijitambulisha, akajitambulisha mara mbili. Wa tatu alikuwa fundi viatu.

"Habari za goti lako, baba?" Redio akamuuliza, maana alikuwa akichechemea.

Ole wetu. Fundi viatu alivuta kiti. Alianza na siku aliyoanguka kwenye ngazi, akaja kwenye daktari wa kwanza, akaja kwenye daktari wa pili ambaye alimtukana wa kwanza, akapandisha suruali kuonyesha kovu. Wateja watatu walikuja wakahudumiwa na kuondoka, naye bado yuko kwenye hospitali ya pili. Alipoondoka hatimaye, Redio alikuja nyuma ya pazia amejishika kichwa.

"Kwa hiyo?" nikasema. "Nani amechoka?"

"Mimi!" akasema. "Shangazi, aliyechoka ni mimi!"

Tulicheka mpaka kaka akatoka kwenye mabeseni na povu mikononi kuuliza nani amekufa.

Jumatano ya mwisho kabla ya kikao walifanya mazoezi. Goti alijitolea kuwa makamu. Nilisikia nusu yangu: "Ndiyo, mwalimu. Hapana, mwalimu. Nilikuwa naumwa, mwalimu. Sonona. Hapana, siyo... Goti! Usinipigie kelele, hata yeye hapigi kelele hivyo! ... Eti fimbo? Unatoa wapi fimbo, hiyo ni rula!" Walirudia, na wakarudia. Mara ya mwisho aliomba alichotaka kwa sentensi nne, akanyamaza, na sikusikia tena kitu mpaka akacheka.

Sasa niseme jambo moja kuhusu huyu makamu. Nilisoma naye. Darasa moja, dawati la mbele yangu, masikio yale yale. Tulipokuwa na miaka kumi na mitatu mama yake alifariki, naye hakuja shule muhula mzima. Muhula mzima! Alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha nyumba yao amekumbatia magoti, na sisi tulikuwa tukipita na madaftari yetu tukimwachia nakala za masomo. Hakuna aliyemwita kikaoni. Hakuna aliyetoa nafasi yake. Alirudi akakuta kiti chake na akapita mtihani kwa nakala zangu, kwa mwandiko wangu huu mbaya. Leo anamwambia mtoto wetu uvivu. Nilikuwa nimeitunza hotuba yangu kuhusu jambo hilo tangu siku karani alipopiga simu. Nilikuwa naipiga pasi kila siku, mikunjo yote imetoka. Nilijua wapi nitapandisha sauti na wapi nitasimama.

Asubuhi ya kikao tulikuwa tunatoka mlangoni, kaka na shati la kola ngumu, mimi na kitambaa changu cha kichwa cha vita, Redio na gauni la kijani. Sare hakuivaa, alisema akivaa sare na wakamkataa ataivua vipi. Akanishika mkono.

"Shangazi, leo usiseme kitu."

"Hata salamu?"

"Salamu sema. Ukimaliza salamu, basi."

"Lakini kuna jambo moja dogo tu ninalolijua kuhusu yule..."

"Shangazi." Akaniangalia. "Ukisema wewe, watakuwa wamekusikia wewe. Mimi nitabaki pale pale."

Miaka yote nimewaambia watu wadai haki zao wenyewe, wasisubiri mtu mwingine awadaie. Nimesimama juu ya makreti kwenye mikutano ya mtaa kuwaambia hivyo. Sasa mtoto wa nyumbani kwetu amesikia, nami nilitamani angekuwa kiziwi.

Ofisi ya makamu ilikuwa na meza kubwa, saa iliyosimama na kikombe cha mashindano ya kwaya. Walikaa watatu: makamu, mwalimu wa darasa na karani wa kuandika. Nilitoa salamu. Makamu akaitikia haraka haraka, halafu akavuta kiti, akaweka mikono mezani, akanitazama mimi moja kwa moja. Hakumtazama Redio. Alikuwa amejiandaa kupigana, na aliyejiandaa kupigana naye ni mimi. Nililiona lile jasho la juu ya mdomo.

"Haya," akasema. "Tunasikiliza."

Nikafunga mdomo. Nikatazama kikombe cha kwaya.

Akasubiri. Nikaendelea kutazama kikombe. Akajigeuza kitini. "Shangazi mtu huwa ana la kusema," akasema, anajaribu kucheka. Kaka akakohoa. Nilihisi hotuba inanipanda kooni kama kiungulia, na niliimeza, na nakuambieni sijawahi kumeza kitu kikavu namna ile.

Ndipo Redio akasema, "Ni mimi nitakayeongea, mwalimu." Halafu ikakatika. Midomo inatembea, sauti hakuna. Mwalimu wa darasa akatazama chini. Karani akaacha kuandika. Nikaona vidole vya mtoto vinaanza kuvuta uzi wa gauni, na nikajua wazo gani limemkalia kifuani: unaona, hakitoki kitu.

Akapumua. "Nimeogopa, nimekwama," akasema kwa sauti ndogo. "Naomba nianze tena."

"Anza," makamu akasema.

"Nilikuwa naumwa. Daktari anasema ni sonona, cheti ninacho. Kila asubuhi nilikuwa nashindwa kutoka kitandani, na aibu ya kushindwa ikawa inanizidishia. Sasa ninapata matibabu. Nataka kurudi. Naomba nianze kwa nusu siku kwa muda kidogo, halafu siku nzima. Na Jumatano alasiri naomba mahali pa kukaa na simu yangu, maana ndiyo darasa la matibabu."

Akanyamaza. Alinyamaza vizuri sana. Nilihesabu mikunjo yote ya pazia la ofisi ile.

"Simu haziruhusiwi shuleni," makamu akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Inaweza kukaa kwa karani. Nitaichukua Jumatano na kuirudisha."

"Nikikupa wewe, kesho wote watataka."

Redio akafikiri hilo kweli kweli, kama swali la hesabu. "Kama wanaumwa, mwalimu," akasema, "si wapewe?"

Karani akaficha mdomo kwa kalamu. Makamu akamtazama yule mtoto, nadhani kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Halafu macho yake yakaja kwangu, polepole, na yakakaa. Alijua ninachojua. Alikuwa akikisubiri tangu tumeingia. Nami nilikuwa nacho kwenye ncha ya ulimi, kizingiti, magoti, nakala, vyote. Nikamtazama na sikusema kitu.

Yeye ndiye aliyeshusha macho.

"Nusu siku," akasema, akipanga karatasi zisizohitaji kupangwa. "Mpaka mwisho wa mwezi, halafu tutaona. Simu kwa karani. Mahali..." akamgeukia karani.

"Kuna stoo ya mafagio," karani akasema. "Ina dirisha, na mtandao unashika."

"Aanze Jumatatu, basi."

"Naomba nianze sasa," Redio akasema.

Sote tukamgeukia. Hata baba yake alitoa macho.

"Nikisubiri Jumatatu nitakaa siku tatu naiogopa Jumatatu," akasema. "Hamu haitakuja. Bora niingie na hofu hivi hivi."

Mwalimu wa darasa alisimama. "Wako kwenye jiografia," akasema. "Twende." Na walipofika mlangoni Redio akageuka.

"Shangazi, asante. Sasa mnaweza kwenda."

Hatukwenda. Tulisimama nyuma ya ukuta wa darasa, kaka na kola yake imelowa, tukasikia mlango unafunguka, viti vinakwaruza, mtu anauliza, "He! Huyu si alihama?" na mwingine anasema, "Alihama wapi, mpishe akae." Halafu jiografia ikaendelea. Tulisikiliza mito ya bara zima.

Sisemi alipona siku ile. Wiki ya pili alirudi nyumbani katikati ya kipindi, akaingia chini ya blanketi na viatu. Kesho yake akaanika mashuka mawili, akaenda tena. Kuna siku anatuletea habari za mtaa na kuna siku hana, na tumejifunza kuuliza mara moja tu.

Lakini hebu niwaambie kuhusu stoo ya mafagio. Jumatano ya kwanza Redio alikaa humo peke yake, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Jumatano ya pili alipotoka akamkuta kiranja mkuu amesimama mlangoni, yule wa viatu vinavyong'aa ambaye walimu humtaja kama mfano, anajifanya anatafuta fagio. Akamuuliza kwa kunong'ona unajiunga vipi. Redio akampa namba ya kliniki. Mwezi uliofuata kulikuwa na vijana wanne wanaokuja na visikizi vyao, kila mmoja na kundi lake, maana mshauri alikuwa amefundisha wauguzi wa kliniki waongoze makundi mengine, kila mmoja anatazama kona yake, na karani anagawa simu kutoka kwenye droo kama mtu wa posta.

Makamu akapiga simu dukani. Niliipokea mimi.

"Stoo imejaa," akasema. "Mafagio yako nje, yananyeshewa. Nilisema, sikusema? Nilisema wote watataka."

"Ulisema," nikajibu.

"Sasa?"

Nikafunika kipaza sauti kwa kiganja, nikamwita Redio aliyekuwa uani na beseni. Akaja anapangusa mikono kwenye gauni, akasikiliza, akafikiri.

"Shangazi," akasema, "hii ongea wewe."

Nikavuta kiti.